Vyombo vya batri kwenye meza za soko: namna ya kuvipima mbele ya kutoa makuta

Wasikilizaji wetu, kila mwaka mambo ni yale yale. Samaki wakishauzishwa, ao mahindi na muhogo vikishapita kwenye mizani, makuta yanaingia nyumbani na meza za vyombo zinajaa sokoni: pano ndogo za jua, torshi za kuvaa kichwani, pawabanki, bafle zenye taa za rangi, telefone za ekra kubwa, redio zenye kuchukua karti memwari, feni za mukononi, mashine za kunyolea zisizo na waya. Mimi ni mupenzi wa vitu hivi. Ninaweza kusimama mbele ya meza moja saa nzima nikigeuza-geuza maboksi, mpaka mama mwenye meza ananiuliza: "Papa, unauza ao unasoma?" (Mugeni ajue: kwetu kuuza ni kutoa makuta, mwenye kuyapokea anauzisha.)

Ninasoma kwanza. Na ukurasa huu ni wa kusaidia na wengine wasome, juu makuta ya musimu muzima yanaweza kuisha kwenye chombo chenye kuzima nyuma ya miezi 3.

Kitu cha kwanza cha kushika ni hiki: vyombo hivi vyote, hata majina na rangi vikiwa tofauti, ni batri yenye kuvaa nguo tofauti. Torshi ni batri na ampuli. Bafle ni batri na sauti. Telefone ni batri na ekra. Ukinunua kimoja, unanunua batri kwanza, mengine yanafuata. Na maandishi ya boksi juu ya nguvu njo yenye kudanganya mara mingi. Ila uongo ule unaweza kupimwa palepale sokoni, kwa rula, kwa mizani ya kupimia samaki, na kwa saa. Si lazima uwe fundi.

Namna vilifika kwetu

Mwaka 1982 kazi ya laini kubwa ya Inga–Shaba ilimalizika: waya za kilometre karibu 1,700, zenye kubeba umeme toka bwawa la Inga mpaka Kolwezi kwa ajili ya mashine za shaba. Waya zile zilipita juu ya vijiji vingi bila kuacha hata ampuli moja chini. Kwa mutu wa kijiji, usiku ulibaki wa mushumaa, wa taa ya mafuta, ao wa grupu ya jirani mwenye uwezo, yenye kuzimwa mafuta yakikauka.

Vitu 3 vilibadilisha mambo, na vyote 3 vilishuka bei karibu wakati mumoja. Cha kwanza ni ampuli ya LED. Wajapani Akasaki na Amano, pamoja na Nakamura mwenye kuzaliwa Japani pia, walipata zawadi ya Nobel mwaka 2014 juu ya LED ya rangi ya bluu, maana bila ile ya bluu mwangaza mweupe wa LED haungewezekana. Ampuli ya LED ya wati 5 inatoa mwangaza karibu sawa na ile ya zamani ya wati 40. Cha pili ni batri ya litiyumu, yenye kampuni Sony ilianza kuuzisha mwaka 1991 kwa ajili ya kamera, na leo iko mufukoni mwa kila mutu. Cha tatu ni pano yenyewe: katika miaka 10 nyuma ya 2010 bei yake duniani ilishuka kwa zaidi ya asilimia 80.

Hapa kuko jambo lenye kunichoma roho kidogo. Kobalti yenye kuingia katika batri nyingi za telefone inatoka kwa wingi Kolwezi na pembeni yake. Kongo peke yake inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti yote yenye kuchimbwa duniani. Litiyumu iko Manono, si mbali na sisi, na kaskeni yenye kuyeyushwa ili kuunganisha vipande vya telefone watu wanaichimba hata katika territware yetu ya Malemba-Nkulu. Mawe yanaondoka yakiwa mawe. Yanarudi yakiwa pawabanki, na tunayanunua tena, mara mingi yale ya daraja la chini.

Njia ya kurudi ni ndefu. Kutoka Uchina boksi linashuka Dar es Salaam ao kwenye bandari za Afrika ya Kusini, linavuka Kasumbalesa, linafika Lubumbashi, linapanda lori ao treni mpaka Bukama ao Kamina, kisha linashuka na Lualaba kwa boti ao linakamata barabara kwa pikipiki na baiskeli. Kila mukono unaongeza bei kidogo. Garanti yenye kuandikwa kwenye boksi haivuke ile njia kurudi nyuma hata siku moja. Juu ya hiyo, siku ya kupima ni siku ya kununua.

Pano: beba rula

Jua la sasa sita za muchana, mbingu ikiwa safi, linaleta nguvu ya wati karibu 1,000 kwa kila metre karé moja. Pano za kawaida za sokoni zinageuza asilimia karibu 20 ya nguvu ile kuwa umeme. Zile bora kabisa za leo zinapita kidogo tu hapo. Maana yake, metre karé moja ya pano inaweza kutoa wati 200 hivi, na si zaidi sana. Hesabu ya sokoni inakuwa nyepesi: pima urefu na upana kwa santimetre, zidisha, kisha gawanya na 50. Jibu njo wati za juu kabisa zenye pano ile inaweza kutoa.

Tuchukue mufano. Pano ya santimetre 100 kwa 52 inatoa 5,200. Ukigawanya na 50 unapata 104. Kama imeandikwa 100 W, mwenye kuiandika alisema kweli. Sasa chukua ile ndogo yenye ukubwa wa karatasi ya shule, santimetre 30 kwa 21. Ni 630, gawanya na 50, unapata 12 na kitu. Kama nyuma imeandikwa 50 W, usigombane na muuzishaji. Na yeye alidanganywa kule alinunua. Irudishe mezani ao lipa bei ya pano ya wati 12. Sentensi moja inatosha: "Mama, hii pano ni ya 12, siyo ya 50. Tupatane bei ya 12."

Angalia tena namna mistari ndani ya kioo imekaa. Kuko pano zenye nusu yake ni karatasi nyeusi ya kupakwa rangi tu, yaani vipande vya kweli vinafunika sehemu ndogo. Pima vile vipande, usipime fremu.

Watu wengi wanaweka pano yao namna yoyote. Sisi tuko karibu digri 8 kusini ya ikweta, kwa hiyo kwa sehemu kubwa ya mwaka jua linapita upande wa kaskazini. Elekeza pano kaskazini, na uilalishe kidogo tu, digri 10 ao 15, ili mvua ioshe vumbi na maji yasisimame juu. Musimu wa kiangazi, toka mwezi wa 5 mpaka wa 9, moto wa pori unaleta majivu na vumbi. Kitambaa chenye maji kila wiki kinarudisha nguvu yenye ulifikiri imepotea. Na kivuli cha tawi moja la muembe, hata kama kinafunika kona tu, kinaweza kuangusha pano nzima, juu vipande vya ndani vimefungana kama mulolongo wa watu wenye kupitishiana ndoo: mumoja akisimama, maji hayafike.

Katika siku ya jua muzuri, hesabu masaa 4 ao 5 ya nguvu kamili. Pano ya kweli ya wati 20 itakupa wati-saa 80 mpaka 100 kwa siku. Ampuli 4 za wati 3, zikiwaka masaa 5, zinakula wati-saa 60. Telefone moja kubwa inakula karibu 20. Basi, umeona, ni nyumba nzima yenye mwangaza na telefone moja ao mbili. Kwa mimi hii ni muujiza wa kweli, kuliko bafle yoyote ya taa za rangi. Ila ni wakati wa jua. Mwezi wa 12 na wa 1 mvua ikikaa siku 3, kata hesabu nusu.

Pawabanki na batri kubwa: mizani ya soko

Hapa njo penye watu wanapoteza zaidi.

Ndani ya pawabanki nyingi kuko vipande vya duara, mufano wa kidole gumba kinene, urefu wa milimetre 65 na upana wa 18. Fundi wanaviita "18650", ni vipimo vile vile. Kipande kimoja kina uzito wa gramu 45 mpaka 50, na hata kile bora kabisa cha kawaida hakipite mAh 3,500. Pawabanki yenye kuandikwa mAh 20,000 inahitaji basi angalao vipande 6, yaani gramu karibu 280 bila kuhesabu plastiki na sahani ya ndani. Zile zenye vipande vya bapa zinapungua uzito kidogo tu. Iweke kwenye mizani. Ikiwa ya 20,000 na haifike gramu 300, maandishi ni ya bure. Ile ya 50,000, yenye vijana wanaipenda sana, ingepaswa kupita gramu 700. Yenye kuandikwa 50,000 na yenye kupepea mukononi kama boksi la kiberiti ni jibu lenyewe.

Wadanganyifu na wao wanajua mizani: kuko pawabanki na batri zilifunguliwa ndani mukakutwa mchanga ao kipande cha chuma. Kwa hiyo nyuma ya mizani kunafuata saa. Kama muuzishaji ni mutu wa muji wenu, mwombe uijaribishe usiku mumoja, na uache makuta kwake. Pawabanki ya kweli ya 20,000 inajaza telefone ya batri ya 5,000 mara 2 na nusu hivi. Mutu atauliza: mbona si mara 4? Sababu namba ya boksi imehesabiwa kwa volti 3.7 za ndani, na telefone inapokea kwa volti 5. Kisha sehemu ingine inapotea kwa joto. Mara 2 na nusu si wizi. Mara moja bila kufika mwisho, ule ni wizi.

Batri kubwa za volti 12 zina sheria ile ile. Batri ya risasi na asidi yenye kuandikwa 100 Ah inapima kilo karibu 28 mpaka 30. Ukiibeba kwa mukono mumoja ukiimba, si 100 Ah. (Kuko aina mupya ya litiyumu na chuma yenye uzito wa chini ya nusu ya ule, na haina kobalti hata kidogo, iko na maisha marefu zaidi, lakini bei yake inajulikana palepale, haiwezi kuuzishwa kwa bei ya ile ya kawaida.)

Batri ya gari si batri ya nyumba, hata kama umbo ni moja. Ya gari ilitengenezwa kutoa nguvu mingi kwa segonde chache ili kuamsha motere, kisha inajazwa tena mara moja. Ukiimaliza kila usiku kwa televizyo, sahani zake za ndani zinakufa upesi. Hata ile ya nyumba haipendi kushuka chini ya nusu. Nunua kipimo kidogo cha volti, ni kitu cha bei ndogo kabisa na mimi ningekiweka mbele ya bafle: batri ya kawaida ikipumuzika, 12.7 ni imejaa, 12.2 ni nusu, 11.8 ni imekwisha na inaumia. Na usiache regulateri nyumbani kwa muuzishaji kwa kubana makuta. Kifaa kile kidogo, chenye kukaa kati ya pano na batri, njo chenye kuzuia batri isichemke muchana.

Konvertiseri, yenye kugeuza volti 12 kuwa 220, inakula hata kama hakuna kitu umechomeka. Kama vyombo vyako ni ampuli za volti 12, telefone na redio, hauna kazi nayo. Saluni ya kunyoa inaihitaji, nyumba ya kawaida hapana.

Kuhusu taa ndogo za jua zenye kuja tayari, pano na batri na ampuli katika boksi moja, kazi ya kupima ilifanywa na wengine. Banki ya Dunia ilianzisha Lighting Global, yenye mupango wake wa ubora unaitwa VeraSol toka 2020: wanachukua vyombo, wanapima kama vinatoa mwangaza na masaa yenye boksi linaahidi, na kama havidanganye vinaingia kwenye liste. Majina kama d.light na Sun King yamo. d.light ilianzishwa mwaka 2007 na watu wawili, mumoja wao, Sam Goldman, alikuwa amekaa Benin na kuona mutoto wa jirani ameunguzwa na taa ya mafuta. Kwetu Kongo, kampuni Altech ilianzishwa mwaka 2013 na Wakongomani wawili, Washikala Malango na Iongwa Mashangao, wenye kukomalia katika kambi ya wakimbizi Tanzania, nayo ilianza kwa kuuzisha taa za namna hii. Shida ni kwamba majina yenye kupendwa yanaigwa. Linganisha herufi za jina moja-moja. Mwigaji anapenda kubadilisha herufi moja.

Na kama unasita, piga hesabu ya nyumba ya kushaji. Mutu mwenye kupeleka telefone mara 3 kwa wiki anaipeleka mara 156 kwa mwaka. Zidisha 156 na bei ya kwenu, kisha zidisha tena na idadi ya telefone za nyumba. Weka jibu lile pembeni ya bei ya taa ya jua yenye tundu la USB. Mimi nimeona watu wakinyamaza kabisa mbele ya ile karatasi.

Telefone

Mwaka 2003 Nokia ilitoa 1100, yenye torshi juu ya kichwa, na dunia nzima ilinunua zaidi ya milioni 250. Leo meza zetu ni za Tecno, Itel na Infinix, na zote 3 ni za kampuni moja, Transsion ya Shenzhen, yenye kuanza mwaka 2006. Walifanikiwa Afrika kwa kusikiliza: nafasi za karti sim mbili ao zaidi, juu mutu hapa anakimbilia rezo yenye kushika, batri kubwa, na kamera yenye kupimwa kwa sura za watu weusi, ili usiku picha isitoe meno peke yake.

Telefone mupya, piga *#06#. Namba ya IMEI itatoka kwenye ekra. Linganisha na ile ya boksi, na ile ya chini ya batri kama inafunguka. Zikitofautiana, boksi ni la telefone ingine, ao telefone ni ya kuigwa, ao ilibebwa na mutu bila ruhusa. Wakubwa mutakumbuka namba ile ile ya IMEI ilitumika kwa kodi ya RAM, yenye ilianza kukata mayunite yetu mwaka 2020 na ilifutwa mwaka 2022 nyuma ya kelele mingi ya watu. Kodi ilikwenda, IMEI ilibaki, na sasa inaweza kukutumikia wewe.

Usiamini giga zenye kuonekana ndani ya telefone ya bei ya ajabu. Programu inaweza kufundishwa kusema 256 mahali kuko 16. Karti memwari vilevile: karti ya giga 512 kwa bei ya samaki wawili haiko duniani. Dawa ni kujaza: tia filme mpaka ifikie nusu ya namba, kisha fungua ile ya kwanza na ile ya mwisho. Karti ya uongo inapokea vyote bila kulalamika, lakini ukifungua, filme za mwisho ni giza.

Okazyo ya Ulaya, yaani telefone nzuri yenye kutumiwa na mutu mwingine, mara mingi ninaipenda kuliko mupya ya jina lisilojulikana. Ila batri yake imezeeka. Uliza kwanza kama fundi wa muji yuko na batri ya aina ile. Kama hayuko nayo, utabeba telefone nzuri yenye kuishi kwenye priz, na priz hatuna.

Sasa neno letu sisi watu wa redio. Telefone nyingi ziko na FM ndani, na FM ile haikule mega hata moja. Lakini inahitaji antene, na antene yake ni waya ya ekuteri. Wimbi la FM karibu na 100 lina urefu wa metre 3. Robo yake ni santimetre 75, karibu na urefu wa ekuteri. Telefone mupya za ekra kubwa zinaanza kuja bila tundu lile la duara. Unanunua telefone ya bei kubwa, na unashangaa kwamba Itel ya mabutoni ya mama yako inashika redio yetu na ya kwako inyamaze. Mbele ya kulipa, tafuta tundu, chomeka ekuteri, fungua FM palepale. Kwa muvuvi mwenye kulala kambini, mbali na rezo, jambo hili ni kubwa: redio inafika kule intaneti haifike, na tangazo la mvua kali ao la ugonjwa wa kipindupindu halingoje mutu apate mega.

Redio na bafle

Redio ndogo zenye kuuzishwa siku hizi, zile za mufano wa tofali dogo, zinafanya kazi na batri ya bapa yenye kuandikwa BL-5C. Ni batri ya Nokia za zamani! Telefone ilikufa, batri yake ikahamia kwa redio na kuzaa ukoo muzima. Jambo muzuri, maana inapatikana kila mahali na unaweza kubadilisha mwenyewe bila fundi. Chagua redio yenye kutumia BL-5C ao mawe ya kawaida, uache ile yenye batri ya kufungwa ndani na gundi. Antene ivutwe yote sokoni uone haijavunjika kwenye musingi. Na kidude cha kutafutia stasyo kizunguke bila kuruka-ruka. Ile ya namba kwenye ekra inashika muzuri zaidi, lakini inakula batri kidogo.

Kwa bafle, maandishi "PMPO" ni hadithi. Bafle yenye kuandikwa 3,000 W PMPO na yenye kushajiwa kwa waya ya USB ya volti 5 na amperi 1 inapokea wati 5 tu wakati wa kushaji. Itatoa wapi zile 3,000? Tafuta neno RMS, ao usome kipande cha karatasi chini yake, penye namba ndogo za kweli zinafichwa. Kwa sala ya watu 30, ao kwa kilio, bafle ya wati 20 za kweli inatosha na sauti inabaki safi. Ile yenye taa za rangi inakula batri kwa ajili ya macho. Muulize mwenye nayo kama taa zinaweza kuzimwa. Kama haziwezi, ipite.

Kama ni mimi niko na makuta ya musimu mumoja

Ningeanza na taa ya jua yenye kupimwa, moja ya ndani na tundu la USB. Kisha redio ya BL-5C. Kisha pano ya kweli ya wati 20 ao 30, regulateri yake, batri yake na ampuli 3 ao 4. Pawabanki ningeinunua kwa mutu mwenye kusafiri na boti, si kwa nyumba yenye tayari iko na batri. Telefone ya ekra kubwa ingekuja nyuma ya hapo, na bafle mwisho, hata kama vijana wa nyumba watanuna. Feni ya mukononi ningeiacha mezani. Mwezi wa 10 kivuli cha muembe kinaishinda.

Mama mwenye biashara ndogo anaweza kugeuza mustari huu: kwake pano kubwa kidogo, yenye kushaji telefone 10 kwa siku, inakuja mbele ya yote, maana inarudisha makuta yake. Ila achunge jambo moja. Telefone 10 kwa wati-saa 20 ni 200 kwa siku, yaani pano ya wati 60 kwa uchache, na 100 kwa musimu wa mvua. Wengi wanaanza na ya 30 na jioni wanarudisha telefone zenye kujaa nusu, na wateja hawarudi kesho.

Batri yenye kuvimba, hata kidogo, itoke ndani ya telefone siku ile ile. Isitobolewe, isitupwe kwenye moto, isishajiwe kwenye godoro ao pembeni ya mutoto mwenye kulala. Asidi ya batri kubwa haimwagwe karibu na kisima wala shambani, na risasi yake haiyeyushwe katika sufuria ya jikoni, hata ikioshwa mara ngapi. Batri za risasi zenye kufa zinanunuliwa kwa kilo na wenye kupeleka Lubumbashi. Ziweke wima, kwenye kivuli, mpaka mununuzi apite.